Ukeateka wa Eastleigh na Lugha za Wapangaji Wangu

Kesi nyingi zinazofika mlangoni kwangu ni za watu wanaojua Kiswahili vizuri kabisa. Hilo ndilo ninalomwambia kila anayenionea huruma kwa sababu naangalia ploti yenye Wasomali, Waoromo, Wakongo, Waluo, Wameru na sisi Wakamba chini ya paa moja. Watu hudhani mzigo wangu ni lugha. "Mama, unaongeaje na watu wote hao?" Naongea nao tu. Asiyejua lugha yangu hunipa nafasi: atatumia mikono, ataita jirani, atarudia, na mimi nitamsubiri. Tunaokosana ni sisi tuliosikia kila neno tukadhani basi, tumeelewana.

Mimi ni keateka, Eastleigh, upande wa kuelekea Juja Road. Ploti ina ghorofa tano, tanki mbili za maji juu ya paa, na lango la chuma ambalo ufunguo wake wa usiku hulala chini ya mto wangu. Nilitoka Mwingi nikiwa msichana, nikauza sukuma wiki na nyanya hapo nje, hadi mwenye ploti aliponiuliza kama ningekubali kukaa kile chumba cha karibu na lango, nifagie ngazi, nisome mita, na nimpigie ejenti simu kukiwa na shida. Mwenyewe haishi Nairobi. Ejenti ndiye huja mwisho wa mwezi, na akija huja na karatasi.

Mtaa wenyewe haukuanza jana kuchanganyika. Zile nyumba za kale zilizobaki, za ua katikati, ni za enzi ambapo Wahindi walikuwa wengi hapa. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, watu walikuja na watoto mikononi. Wengine wakashukia Garissa Lodge, gesti ya kulala wageni, wakaanza kuuza nguo humohumo vyumbani, hadi gesti ikageuka soko. Leo maduka ya ghorofa yamejipanga First Avenue mpaka Jam Street. Waethiopia wana mikahawa yao. Wameru wanateremsha miraa ya Nyambene kila siku kabla haijanyauka, na ukisimama karibu na meza zao utawasikia wakibishana bei kwa Kisomali kilichonyooka, na matusi yake. Binti yangu alizaliwa hapa. Kisomali alikiokota kwenye ngazi akicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, na wenzake, hakuna aliyemfundisha. Sasa anauza mapazia dukani, na mteja akitoka Mogadishu au Minneapolis, tajiri wake humsukumia yeye. Kikamba anakisikia chote, ila akikizungumza nyumbani Mwingi shangazi zake humcheka, kwa hiyo hunyamaza. Hilo linaniuma kidogo, tuliache.

Tuanze na maji, maana kwetu kila kitu huanza na maji. Maji mengi ya Nairobi hutoka Ndakaini, bwawa la kule Murang'a, na mtaani kwetu mfereji hufunguliwa kwa zamu. Zamu ikikupita, unanunua kwa mtungi au mnachangia boza, lori la maji. Ejenti alikuwa akibandika langoni tangazo la Kiingereza cha ofisini, na hata wenye digrii walilipita kama wanavyolipita bango la dawa ya panya. Nikaacha karatasi. Nikawa narekodi sauti kwenye grupu ya WhatsApp: "Jamani, maji yamefunguliwa, jazeni sasa, jioni hayapo." Binti wa Kidato cha Tatu wa ghorofa ya pili anairudia kwa Kisomali, na kijana wa saiba, duka la intaneti, anairudia kwa Kioromo.

Sauti ya Kisomali ni ndefu kuliko yangu, na habari ya maji huja mwishoni. Kwanza salamu, kisha kuulizana hali, kisha dua kidogo, ndipo mfereji. Ejenti alisikiliza moja akataka ifupishwe, eti watu wana haraka. Nilimkatalia. Ukimwondolea mwanamke mtu mzima salamu, kilichobaki ni msichana wa shule anayewaamrisha mama zake wakajaze ndoo. Mimi sauti yangu ikiwa kavu haimkeri mtu, mimi ni keateka. Yeye ni mtoto wao.

Na hapo kwenye watoto ndipo nimeweka sheria yangu mwenyewe, ambayo haimo kwenye mkataba wa nyumba. Mtoto anaweza kutafsiri habari za maji, stima na takataka. Hatafsiri deni, hatafsiri ugonjwa, hatafsiri kufukuzwa nyumba. Sheria hii ilitokana na siku ejenti alipopanda kudai kodi kwa mama mmoja Muoromo ambaye alikuwa mgeni Nairobi, na aliyekuwepo wa kutafsiri ni mwanawe wa miaka kumi hivi, bado na sare ya shule. Ejenti akasema maneno makali: mwisho wa wiki vitu vitatolewa nje. Mtoto akamgeukia mamake akasema maneno machache, kwa sauti laini. Mama akatabasamu, akaingia ndani, akatoka na kikombe cha kahawa akampa ejenti. Ejenti akachanganyikiwa. Mimi sikujua Kioromo, lakini nilijua kahawa haitolewi kwa mtu aliyetishia kutupa vitu vyako. Yule mtoto alikuwa ananitazama mimi, si mamake wala ejenti. Alikuwa ananiomba nisiseme.

Sikusema. Nilimwambia ejenti anywe kahawa, tutaongea chini. Jioni nikamtafuta mwanamke mtu mzima wa kwao, anayepika injera mkahawani, tukapanda naye. Mama akaelezwa sawasawa, akalia kidogo, akaeleza kwamba pesa za nduguye zilikwama, wakapatana na ejenti walipe nusu nusu. Deni liliisha. Lakini nilifikiria sana juu ya yule mtoto, jinsi alivyobeba siri ya kodi peke yake tangu mchana. Watu husifu watoto wa wageni kwa wepesi wa lugha. Ni wepesi kweli, na ndiyo maana wakubwa huwatwika visivyo vyao.

Mpangaji mwingine alitoka Bukavu, fundi wa vitenge. Huyu Kiswahili ni chake tangu utotoni, na ndiyo sababu tulihangaika siku ya kwanza. Nilimtajia kodi kwa Kiingereza, kama Nairobi nzima inavyohesabu pesa. Yeye akaipokea akairudisha kwa Kifaransa, kama wanavyohesabu kwao. Tukaangaliana, Waswahili wawili. Nikatoa simu, nikaandika tarakimu kwenye kikokotoo, akacheka hadi akaegemea ukuta. Tangu hapo pesa nazitaja kwa Kiswahili kwa kila mtu, "elfu kumi na mbili na mia tano", na nimeona hata vijana wa hapahapa wananisikiza vizuri zaidi.

Majina nayo huleta kesi zake. Ejenti aliwahi kushikilia mkataba wa mume na mke Wasomali kwa sababu jina la mwisho la mke halikufanana na la mume, akadhani anadanganywa. Wasomali hawana jina la ukoo la kuachiana: mtu ana jina lake, la babake na la babu yake, na mwanamke akiolewa hubaki na jina la babake. Hiyo ilichukua dakika tano kueleza. Jambo lingine lilichukua karibu mwezi.

Ilikuwa Januari 2024, watoto wanaingia shule. Mama mmoja kutoka Addis Ababa alirudi kutoka shule moja ya hapa karibu akiwa amekasirika, ameshika kadi ya kliniki ya mwanawe. Mtoto mwenyewe alikuwa amemshika gauni, meno mawili ya mbele hayapo, ndiyo kwanza yanachomoza mengine. Kadi ilisema amezaliwa mwaka 2009. Kwa hesabu hiyo alikuwa anakaribia miaka kumi na tano na anaombewa Gredi ya Kwanza. Mwalimu wa usajili alikuwa amemwambia karatasi ni za kughushi.

Ethiopia ina kalenda yake. Miezi ni kumi na mitatu, kumi na miwili ya siku thelathini thelathini na mmoja mdogo wa siku tano au sita, na mwaka mpya wao huingia Septemba, kwa kawaida tarehe 11 yetu. Hesabu yao ya miaka iko nyuma ya hii tunayotumia kwa miaka saba au minane, kulingana na mwezi. Mwaka wao wa 2009 ulianza Septemba 2016. Mtoto alikuwa na umri uleule ambao meno yake yalisema. Mimi mwenyewe hili nililijua kwa sababu ya yule mama wa injera, ambaye kila Septemba hunitumia sahani ya dabo, mkate wao, na kuninong'oneza kwamba yeye na mimi tuko miaka tofauti, yeye ni mdogo.

Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na foleni ndefu na kompyuta inayokataa. Lakini alipomwuliza mama, "Mtoto alizaliwa mwaka gani?" alipata jibu sahihi kabisa, kwa Kiingereza safi, na jibu hilo ndilo lililoharibu mambo. Mkalimani wa maneno peke yake asingesaidia kitu. Tulirudi na barua ya kanisa lao, yenye tarehe za kalenda zote mbili, mwalimu akaisoma mara mbili, akamtazama mtoto mdomoni, akaandika.

Ajabu ni kwamba kwenye saa tuko pamoja na Waethiopia. Siku yao huanza jua likichomoza, kama yetu, kwa hiyo saa nne yake ni saa nne yangu. Kijana wa Nairobi aliyezoea Kiingereza ukimwambia fundi wa bomba atakuja saa nne, atakuuliza unamaanisha kumi? Mama huyu haulizi. Anafika.

Sasa nifike kwenye kesi iliyonifundisha zaidi, na ambayo haikuwa na mgeni wa lugha hata mmoja. Kwenye ghorofa ya tatu kulikuwa na familia ya Kisomali, baba alisomea Garissa, Kiswahili chake kinanishinda mimi. Walikuwa na mtoto mchanga aliyezaliwa dhaifu. Wanawake wa ngazi hiyo walimbeba kwa zamu mamake akipika au akioga, hasa mama mmoja Mluo, mwenyekiti wa chama chetu cha ploti, mwanamke mwenye sauti na moyo. Alfajiri moja mtoto akafariki.

Mwenyekiti alipopata habari hakukaa. Alifungua daftari la mchango, akapiga simu hadi kwa waliohamia Kayole, akatangaza kikao cha saa moja jioni. Mchana hakuwepo, alikuwa Gikomba anauza. Aliporudi na pesa zimefungwa kwenye leso, akapiga hodi kuuliza mwili uko mochari gani. Akaambiwa mtoto amekwisha zikwa, makaburi ya Waislamu ya Kariokor, baada ya swala ya adhuhuri.

Nilimsikia kutoka chini. "Mtoto niliyembeba mikononi mwangu, azikwe sijamwona? Kwani sisi hapa ni nani?" Baba wa mtoto naye, usingizi hajauona, akajibu kutoka ndani, "Mlitaka tungoje nini?" Maneno mawili tu, ya Kiswahili fasaha, kila mmoja akayasikia kama kofi. Wiki hiyo kwenye mfereji wanawake walijaza mitungi kimyakimya. Mwenyekiti akasema chama kisihusishwe tena na "watu wa kujificha". Upande wa pili ukasema majirani wamegeuza msiba kuwa mkutano.

Mimi si mzee wa kijiji, lakini ngazi ni zangu kuzifagia. Siku ya tatu ya tanzia nilimshika mwenyekiti mkono tukaingia, viatu mlangoni. Tukakaa kwenye mkeka na wanawake. Tulipewa chai ya maziwa yenye iliki. Baba alikuja akakaa upande wa mlango, akaeleza, bila kuulizwa, kwamba kwao kumharakisha maiti ndiyo heshima ya mwisho, na kila saa anayocheleweshwa ni kama deni juu ya walio hai. Mwenyekiti akamsikiliza. Kisha naye akasema kwamba kwao mtu akizikwa bila watu kukusanyika, bila kuimbiwa, inasemwa hakuwa na watu. "Mimi nilikasirika kwa sababu sikutaka isemwe mtoto wako hakuwa na watu."

Yule baba alikaa kimya kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Mama, mimi nilidhani unanilaumu kwa kufiwa." Zile pesa za kwenye leso alizipokea kama sadaka.

Mwaka uliofuata kakake mwenyekiti alifariki, wa kusafirishwa Siaya. Baba yule ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga hodi, bahasha mkononi, daftari halijafunguliwa. Akauliza mazishi ni lini. Akaambiwa, baada ya wiki mbili, kuna mwana anangojwa kutoka Qatar na nyumba ya marehemu inamaliziwa kujengwa. Nilimwona akifungua mdomo. Akaufunga. Akatoa bahasha.

Mengine hayahitaji kikao. Kuna kijana Mluo wa chumba kimoja aliyenijia jioni, amesimama kama mtu anayetaka kukopa, akauliza kama kile chumba kitupu cha chini kimepata mtu. Nikasema bado. Akakuna kichwa. "Ni kwa leo tu, Mama. Kuna mgeni." Nikauliza, "Mgeni wa upande wa mke?" Akaitikia kwa kichwa, nikampa ufunguo na godoro. Ejenti alipojua alidhani jamaa amefukuzwa na mkewe, akataka kuonya nyumba isiwe na vurugu. Hakukuwa na vurugu yoyote, mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Homa Bay kuona mjukuu. Mluo halali nyumba moja na mamake mkewe, na sisi Wakamba vilevile. Babangu alikuwa akikata njia kwenye mahindi asikutane uso kwa uso na nyanya yangu. Katika maisha ya chumba kimoja, pazia moja katikati, heshima hiyo inakuwa kazi. Tangu hapo chumba cha chini kikiwa kitupu, nakiacha na godoro.

Na yupo kijana mmoja, mshonaji, ambaye majirani walimwita mwenye maringo kwa sababu ukimsalimu kwa nyuma haitiki. Ni kiziwi. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inaitaka serikali iendeleze lugha za kienyeji, Lugha ya Alama ya Kenya na Breli, na Bungeni lugha ya alama ni mojawapo ya lugha rasmi tatu. Kwenye ngazi zetu ilianza na watoto. Wao ndio walioanza kuokota ishara zake, kwa uchoyo tu, maana anawapa vipande vya kitambaa. Watu wazima walikuwa wakimpigia kelele, kana kwamba masikio yake yamelala. Sasa fundi wa stima amemfungia taa ndogo ndani inayowaka ukibonyeza kengele ya mlango, na habari ya maji namwandikia ujumbe. Jambo moja alinionyesha kwa subira sana: ukiongea naye kupitia rafiki yake mkalimani, mtazame yeye, si mkalimani. Nimeanza kufanya hivyo na kila mtu. Nikiongea na mzee wa Kisomali kupitia mwanawe mtu mzima, macho yangu yako kwa mzee. Nimeona wazee wakinyoosha mgongo.

Mwaka jana walihamia vijana wawili wa Sudan Kusini. Wao kwa wao ni Kinuer, na Kiingereza chao ni cha shule, cha uoga uoga. Nilishindwa kuwaeleza habari ya tokeni za stima nikachoka. Siku hiyo alikuwepo ajuza mmoja Mnubi, mzaliwa wa Kibra aliyeolewa Majengo, huwaletea wanawake wa hapa vikapu vya ukindu. Aliwasikia wakiongea Kiarabu cha Juba na mtu kwenye simu. Akaweka vikapu chini. Akawaambia kitu kwa Kinubi chake, na wale vijana wakageuka kama walioitwa na mama yao. Baadaye alinieleza: babu zake waliletwa na Waingereza kama askari kutoka Sudan, wakapewa kule Kibra kulipokuwa msitu, na lugha yake na ile ya Juba zilizaliwa katika kambi zilezile za askari, zaidi ya karne moja iliyopita. Wanubi wa Kibra walipata hati ya ardhi yao, ekari 288, mwaka 2017 tu. Lugha walikuwa wameishika muda wote huo bila hati. Tokeni zikaelezwa kwa dakika mbili, zilizobaki zikawa hadithi, na ajuza akaondoka na vijana wakimbebea vikapu hadi barabarani.

Nayaeleza haya kwa sababu mwanzoni mwa mwaka huu ejenti alikuja na karatasi yenye kanuni mpya. Ilisema kwamba kwenye ngazi, uani na kwenye grupu ya WhatsApp, wapangaji watumie Kiswahili au Kiingereza peke yake, "kwa ajili ya umoja". Sikumcheka. Najua inakotoka. Mwanzoni mwa 2008, baada ya ule uchaguzi wa Desemba 2007 na ghasia zake, nilikuwa hapa. Mtu akisikia jirani ananong'ona kwa lugha asiyoijua, alihisi anapangiwa yeye. Redio zenyewe za lugha za nyumbani zililaumiwa kwa kuchochea, na woga huo haukuisha wote. Mpangaji mmoja mpaka leo hufunga dirisha anapompigia mamake simu.

Lakini kanuni kama hiyo nimeshaivaa shingoni. Shuleni Mwingi, aliyeropokwa Kikamba alivalishwa kipande cha mbao kwa kamba, akakaa nacho hadi amnase mwingine. Hakikunifundisha Kiingereza. Kilinifundisha kutegea wenzangu masikio. Nikamwambia ejenti: hapa hakuna kesi hata moja iliyokuja kwangu kwa sababu mtu aliongea lugha yake. Zimekuja kwa sababu ya salamu, majina, tarehe, maiti, na mama mkwe, na karibu zote zilisemwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Ukiwakataza kuongea kwao kwenye ngazi, nani ataniambia mama wa ghorofa ya nne anaumwa? Huwa nalisikia kwenye sauti yake akiongea na dadake, kabla hajajua mwenyewe.

"Mathe, hiyo ni hisia," akasema. "Mwenye ploti anataka utaratibu." Akatoa gundi.

Alikuwa ameshabandika kona mbili za juu simu yake ilipolia. Akaiangalia, akasimama wima, akaipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa nyanya yake, Nyeri. Akaongea Kikikuyu kwa sauti ya juu, maana ajuza hasikii vizuri, akizunguka uani, akipanda ngazi mbili na kushuka, akiuliza habari za ng'ombe, goti, na majani chai. Watoto waliokuwa wakicheza wakasimama kumtazama. Binti wa Kidato cha Tatu akaisoma ile karatasi iliyoning'inia, akamtazama ejenti, akanitazama mimi, na akaziba mdomo kwa ncha ya mtandio.

Ejenti alipomaliza akamkuta bado amesimama pale. Hakusema kitu. Alibandua karatasi, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni, akaniuliza kama boza la Jumanne limelipwa. Nikamwambia limelipwa, ila mita ya ghorofa ya tatu inasoma kinyumenyume, apande aione.